Jua halikupatwa Crécy

Tarehe 26 Agosti 1346 wapiga upinde wa Uingereza walilivunja jeshi la Ufaransa karibu na kijiji cha Crécy, kaskazini mwa Ufaransa. Jean Froissart, ambaye masimulizi yake ya vita vile yamesomwa kuliko ya karibu mwandishi mwingine yeyote, anasema kabla ya mapigano kupamba moto ilishuka mvua kubwa, radi zikapiga, na jua likapatwa kwa namna ya kutisha. Habari hiyo imerudiwa kwa karne nyingi, na mpaka leo kuna wanaoisimulia kana kwamba haina shaka.

Mvua ilinyesha kweli. Jua halikupatwa. Siku ile mwezi ulikuwa umeandama tangu wiki moja hivi nyuma, na mwezi wa umri huo hauwezi kuliziba jua hata kidogo. Jua hupatwa pale tu mwezi mmoja unapokwisha na mwingine haujaonekana, kwa sababu ndipo mwezi unapopita kati yetu na jua. Hapo huhitaji darubini wala chuo kikuu. Yeyote anayehesabu siku za mwezi mwandamo anaweza kuikagua habari hii mwenyewe. Froissart alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi vita hivyo vilipopiganwa. Aliandika baadaye sana, kwa kusikia na kwa kunakili.

Naanza na Crécy kwa sababu sura tuliyonayo ya watu wa karne za 14 na 15 wakiangalia jua likipatwa imejengwa kwa ushahidi wa namna hii. Tunaambiwa walipiga mayowe, walijificha makanisani, walidhani dunia imekwisha, hawakujua kinachotokea. Ukiuliza nani kasema, mara nyingi utapewa jina la mtu ambaye hakuwepo na aliyeandika baada ya matokeo kujulikana. Nikiwasoma waliokuwepo nakuta jambo tofauti kabisa. Wengi wao wanakutaja kupatwa kwa jua kama alama ya wakati, sawa na kusema baada ya adhuhuri au siku ya soko. Waliokuja nyuma yao ndio waliokugeuza kuwa ishara. Na katika zama zile zile kulikuwa na watu, Ulaya, Shamu na Asia ya Mashariki, waliojua sababu yake, waliokokotoa tarehe zake miaka kadhaa mbele, na waliotumia elimu hiyo kuwakagua waandishi wa tarehe waliowatangulia. Watu hawa wamedhulumiwa katika masimulizi yetu, na ninataka kuwatetea.

Tuangalie kwanza walichofundishwa. Kijana aliyeingia chuo cha Paris, Oxford au Bologna katika karne ya 14 alikutana na kitabu kidogo cha Sacrobosco, mwalimu wa Paris, kiitwacho Tufe, kilichoandikwa yapata 1230. Kilibaki kuwa kitabu cha kiada cha falaki kwa takriban miaka 400. Humo anaelezwa kwamba dunia ni mviringo, kwamba mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha dunia, na kwamba jua hupatwa mwezi unapokuja mbele yake. Kisha kitabu kinamalizia kwa hoja inayonivutia kila ninapoirudia. Injili zinasema giza lilitanda Yesu aliposulubiwa. Kusulubiwa kulikuwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na Pasaka huangukia mwezi mpevu. Mwezi mpevu uko upande wa pili wa anga, mbali na jua. Kwa hiyo, anasema Sacrobosco, giza lile halikuwa kupatwa kwa jua kwa kawaida. Lilikuwa muujiza, kinyume cha mwendo wa maumbile.

Msomaji wa leo anaweza kuliona neno muujiza akafunga kitabu. Asifunge. Ili mtu aseme jambo fulani limekwenda kinyume cha maumbile, lazima kwanza awe ameyajua maumbile yanakwendaje, tena kwa uhakika wa kuthubutu kusema siku hii inawezekana na siku ile haiwezekani. Vijana waliofundishwa kitabu hicho ndio waliokuja kuwa mapadri, waganga, makarani wa wafalme na mahakimu.

Dameski kulikuwa na hoja pacha, na kwa Waislamu wa pwani yetu hii inagusa jambo wanalolijua vizuri. Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, alifariki siku ambayo jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume akawakataza, akasema jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Mkiviona hivyo, swalini na mwombeni Mungu. Wanafalaki wa sasa hulitambua tukio hilo kuwa ni lile la 27 Januari 632, mwishoni mwa Shawwali, mwaka wa 10 Hijria. Lakini al-Waqidi, mwandishi wa tarehe wa karne ya pili na ya tatu Hijria, alinukuu kwamba Ibrahim alifariki tarehe kumi ya mwezi. Ibn Taymiyya, aliyeishi kati ya 1263 na 1328, aliikataa riwaya hiyo, na sababu yake ilikuwa ya falaki tupu: Mungu amejaalia jua lipatwe mwishoni mwa mwezi tu, kama alivyojaalia mwezi upatwe katika siku za mbalamwezi. Tarehe kumi haiwezekani, basi riwaya ina kosa. Aliongeza kwamba kujua mapema kwa hesabu kuwa jua litapatwa si ramli wala uganga, maana ni mambo yenye majira yake, kama kaskazi na kusi zilivyo na majira.

Sacrobosco na Ibn Taymiyya hawakukubaliana juu ya dini hata kidogo. Mmoja alifundisha Paris kwa Kilatini, mwingine Dameski kwa Kiarabu, na karibu karne nzima iko kati yao. Wote wawili walichukua umri wa mwezi wakaupima nao maandiko ya kale. Ndicho nilichofanya hapo juu kwa Froissart. Sikubuni kitu, nimefuata njia waliyoichonga watu wa zama zake na wa kabla yake.

Miaka michache baada ya Ibn Taymiyya kufariki, katika Msikiti wa Bani Umayya mjini humo humo, kazi ya kusimamia nyakati za swala ilikuwa mikononi mwa Ibn al-Shatir. Mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua ya marumaru kwa ajili ya mnara wa msikiti. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuurekebisha mwendo wa mwezi ulioachwa na Ptolemy, mwanafalaki wa kale wa Aleksandria. Hesabu za Ptolemy zilitoa nyakati za kupatwa vizuri kiasi, ila zilikuwa na kasoro mbaya: ukizifuata mpaka mwisho, mwezi ulipaswa katika baadhi ya siku kutusogelea mno na kuonekana karibu mara mbili ya upana wake. Kila mwenye macho alijua hauonekani hivyo. Ibn al-Shatir akapanga upya miduara ya mwendo wake mpaka kasoro ile ikaondoka. Hii ndiyo kazi aliyokuwa nayo msimamizi wa nyakati za msikiti katika zama tunazoziita za giza.

Kukokotoa kupatwa kwa jua ni kugumu kuliko kukokotoa kupatwa kwa mwezi, na tusipoelewa kwa nini hatutawapa watu hawa haki yao. Njia ya mwezi angani imeinama nyuzi tano hivi kutoka kwenye njia ya jua, na njia hizo mbili hukatana mahali pawili, palipoitwa kichwa cha joka na mkia wa joka. Mwezi ukiisha karibu na mojawapo ya mahali hapo, jua litapatwa mahali fulani duniani. Mpaka hapo ni hesabu ya kawaida. Tatizo ni mahali gani. Mwezi unapoingia kivulini, nusu nzima ya dunia iliyo usiku huona tukio lile lile. Jua likipatwa, kivuli cha mwezi hupita kama ukanda mwembamba, na kwa kuwa mwezi uko karibu nasi, mtu wa Oxford na mtu wa Cairo hawauoni mahali pamoja mbele ya nyota. Tofauti inaweza kufika karibu upana wa mwezi wenyewe au zaidi. Kwa hiyo mkokotoaji alipaswa kujua latitudo ya mji wake, saa ya siku, na urefu wa jua angani, kisha asahihishe hatua kwa hatua. Majedwali ya Alfonso, yaliyotungwa Toledo katika karne ya 13 na kuenea kutoka Paris kuanzia miaka ya 1320, yalitoa njia ya kufanya hivyo. Bado yalikosea, mara robo saa, mara zaidi.

Pamoja na makosa hayo watu waliyategemea. Mwaka 1380 mtawa Mfransisko, John Somer, alitunga kalenda kwa ajili ya Joan wa Kent, mama yake mfalme Richard II. Mwaka 1386 mtawa Mkarmeli, Nicholas wa Lynn, akatunga nyingine kwa ajili ya John wa Gaunt, ami wa mfalme huyo, akikokotoa kwa Oxford, kuanzia 1387 hadi 1462. Ni miaka 76. Ndani yake kuna majedwali ya kupatwa kwa jua na mwezi, na michoro inayoonyesha ni sehemu gani ya duara itafunikwa. Mshairi Chaucer anawataja wote wawili katika maelezo yake ya 1391 kuhusu astrolabu, chombo cha kupimia nyota. Waganga walinakili kalenda za namna hii katika ngozi nyembamba iliyokunjwa, wakazining'iniza kiunoni, wakaenda nazo kwa wagonjwa. Kwa hiyo karani wa kawaida wa Uingereza ya mwaka 1400 aliweza kuangalia mwaka, mwezi na saa ambayo jua litapatwa wajukuu wake wakiwa watu wazima.

Waliangalia vipi bila miwani maalumu? Guillaume wa Saint-Cloud, mwanafalaki aliyekuwa Paris, anaeleza kwamba jua lilipopatwa Juni 1285 wengi walilikodolea macho na kwa siku kadhaa baadaye macho yao yakawa na kiza. Akatoa ushauri: ingia nyumbani, toboa tundu upande wa jua, weka ubao mweupe nyuma ya tundu, uitazame sura ya jua hapo. Levi ben Gerson, Myahudi wa Provence aliyeishi kati ya 1288 na 1344, aliigeuza njia hiyo kuwa kipimo. Alijifungia chumbani, akapitisha mwanga kwenye tundu, akapima upana wa taswira na kiasi kilicholiwa, huku akijua kwamba upana wa tundu wenyewe unaiongezea taswira ukubwa na lazima upunguzwe kwenye hesabu. Hivyo ndivyo alivyofuatilia kupatwa kwa jua kwa 26 Juni 1321, kwa 14 Mei 1333, na kwa 3 Machi 1337. Alilinganisha alichokiona na majedwali aliyoyapokea, na palipohitilafiana aliyaamini macho yake, akatunga majedwali yake mwenyewe. Nikimfikiria mtu huyu gizani, na mwezi mdogo wa nuru ukisogea ukutani, siwezi kukubali aingizwe katika kundi la waliokuwa wakitetemeka.

Sitasema hakukuwa na hofu, wala kwamba wasomi hawa walikuwa kama sisi. Levi huyo huyo aliandika utabiri wa yatakayoipata dunia kutokana na sayari za Zohali na Mushtari kukutana mwaka 1345. Tauni ilipoingia, waganga wa chuo cha Paris walimjibu mfalme wa Ufaransa Oktoba 1348 kwamba chanzo cha mbali cha ugonjwa ni mkutano huo wa sayari. Falaki na unajimu, yaani kubashiri kwa nyota, viliishi nyumba moja, na aliyelipa kwa ajili ya majedwali ya kupatwa kwa jua mara nyingi alitaka kujua bahati yake. Lakini kuogopa maana ya jambo ni tofauti na kutolijua jambo. Watu wa leo wanaotazama utabiri wa hali ya hewa wanaogopa mafuriko, na hakuna anayewaita wajinga kwa hofu hiyo. Tunapochanganya hofu na ujinga tunapoteza uwezo wa kuelewa walichokuwa wakifanya.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa ukaribu kama Korea, siku ya kwanza ya mwaka mpya, tarehe 23 Januari 1422. Kumbukumbu za utawala wa mfalme Sejong zimehifadhi siku ile kwa mistari michache. Mfalme alivaa mavazi meupe, akatoka hadi kwenye jukwaa la mawe mbele ya ukumbi wa Injeongjeon kufanya ibada ya kuliokoa jua. Maofisa nao wakakusanyika wakiwa wamevaa meupe. Jua lilipong'aa tena, mfalme akashuka ngazi, akaliinamia mara nne. Kisha unafuata mstari wa mwisho: mpiga hesabu Yi Cheon-bong akachapwa viboko kwa kuwa hesabu yake ilitangulia kwa kipindi kimoja cha saa ya maji, yaani kama robo saa.

Mistari hiyo ina hofu ndani yake, tena hofu ya dola nzima, iliyopangiwa mavazi na idadi ya kuinama. Lakini mavazi yalikuwa tayari kwa sababu siku ilijulikana, na adhabu ilitolewa kwa sababu dakika 15 zilihesabiwa kuwa kosa kubwa. Huwezi kumchapa mtu kwa kukosea robo saa katika jambo unalodhani halitabiriki. Namhurumia Yi Cheon-bong. Majedwali aliyokuwa nayo yalikuwa na asili ya China, yakitegemea anga la mji mwingine, na kwa kupatwa kwa jua mji ndio kila kitu. Nadhani Sejong alilielewa hilo, kwa sababu baadaye hakuendelea kutegemea viboko. Aliwaweka wasomi, Yi Sun-ji na Kim Dam wakiwa miongoni mwao, watunge upya hesabu kwa anga la Hanyang, ambayo leo ni Seoul. Kazi hiyo ilikamilika katika miaka ya 1440 ikiwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilifuata njia ya Kichina. Ya pili ilifuata hesabu za wanafalaki Waislamu waliokuwa Beijing tangu enzi za Kublai Khan, ambazo Wachina walizitafsiri mwaka 1382. Majedwali yenye mizizi Uajemi na Arabuni yakatumika kumwambia mfalme wa Korea saa ya kuvaa nguo nyeupe. Katika shule zetu tulifundishwa kwamba elimu ya zama hizo ilikuwa imelala. Nadhani aliyetunga somo lile hakufuatilia safari ya karatasi hizi.

Sasa turudi Ulaya, mwaka 1415. Ijumaa tarehe 7 Juni jua lilipatwa asubuhi. Praha, mji mkuu wa Bohemia, giza lilikuwa kamili, na kumbukumbu ya huko inasema jambo dogo sana: misa haikuweza kuadhimishwa bila taa. Siku hiyo hiyo mtoto mashuhuri wa Bohemia, mhubiri Jan Hus, alikuwa mfungwa Konstanz, ambako Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ulikuwa ukimshitaki kwa uzushi. Petr wa Mladoňovice, mfuasi wake aliyeandika siku zake za mwisho, anasema waliporudi kumleta Hus mbele ya kikao ilikuwa kama saa moja baada ya jua kupatwa karibu lote. Hus alichomwa moto mwezi mmoja baadaye, tarehe 6 Julai.

Hebu tumfikirie Petr akiandika. Alimpenda Hus. Alikuwa shahidi. Alikuwa na wasomaji waliokuwa tayari kulia, kukasirika, hata kushika silaha, na miaka minne baadaye walizishika kweli. Jua lilikuwa limezimika juu ya mji uliokuwa ukimhukumu mtu wake asubuhi ya kusikilizwa kwake. Mwandishi anayetafuta ishara angepata wapi nyingine nzuri zaidi? Petr aliandika saa. Kupatwa kwa jua kwake ni alama ya kumwambia msomaji kikao kilianza lini, kisha anaendelea na alichokiona kuwa kizito: nani alisema nini, nani alimkatiza Hus, nani alicheka. Namheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza, na naona ndiyo sababu naziamini sehemu nyingine za ushuhuda wake.

Tarehe 17 Juni 1433 kivuli kilipita tena Ulaya, na Uskoti alasiri ile ikabaki katika kumbukumbu kwa jina la Saa Nyeusi. Jina hilo limetumiwa mara nyingi kama ushahidi wa hofu. Kwangu ni jina sahihi la kitu kilichotokea: mchana uligeuka mweusi, kisha ukarudi. Tarehe hiyo ilikuwa ndani ya miaka ambayo mtawa wa Lynn alikuwa ameikokotolea Oxford tangu 1386.

Kwa nini basi tunaishikilia picha ya mayowe? Sehemu ya jibu iko Jamaica, tarehe 29 Februari 1504, hata kama siku hiyo kilichopatwa ni mwezi. Columbus, merikebu zake zikiwa zimeoza pwani na wenyeji wakiwa wamechoka kumlisha, alitumia majedwali yaliyochapwa ya Regiomontanus, mwanafalaki Mjerumani, kuwatishia kwamba Mungu atauondoa mwezi. Simulizi linasema walimjia wakilia na kubeba chakula. Tunalo kutoka kwa Columbus na watu wake tu. Wataino, wenyeji hao wa Jamaica, hawakuachiwa nafasi ya kueleza walichoelewa usiku ule. Likawa hadithi ya kupendwa na kila aliyetaka kuonyesha mwenye kitabu akimtawala asiye nacho, na tangu hapo tumelinyoosha nyuma mpaka likawafunika hata wenye vitabu wenyewe. Sisi tuliosimuliwa upande mmoja wa historia yetu tulipaswa kuwa wa kwanza kulitilia shaka.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete Rujewa, wilayani Mbarali, watu walifika wakiwa wanajua dakika, na misikitini swala ya kupatwa kwa jua ilikwisha kutangazwa. Hesabu na ibada zilikaa pamoja siku moja bila kugombana, kama zilivyokaa Dameski katika karne ya 14. Sioni tulipowazidi kwa hilo. Tumewazidi kwa usahihi wa dakika, na hata hilo tunawadai wao kwa sehemu: mstari kama ule wa taa za Praha, kwa kuwa unataja mahali na siku ambapo giza lilikuwa kamili, umewasaidia wanasayansi wa sasa kupima jinsi mzunguko wa dunia unavyopungua kasi. Mwandishi aliyeongeza ishara na vitisho bila kutaja mahali hakutuachia kitu cha kupima.

Kuna kisa kimoja ambacho bado kinasimuliwa vibaya kila mwaka. Tarehe 16 Machi 1485 malkia Anne Neville, mke wa Richard III wa Uingereza, alifariki Westminster. Siku hiyo jua lilipatwa. Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Agosti, Richard aliuawa vitani Bosworth, na taji likaenda kwa Henry Tudor. Ukisoma masimulizi mengi ya kisa hiki utaambiwa watu waliona mbingu zimemkataa mfalme. Sasa tazama kumbukumbu ya monasteri ya Crowland, Uingereza, iliyoandikwa mwaka uliofuata na mtu aliyezijua siri za baraza la mfalme na ambaye hakumpenda Richard hata kidogo. Anasema malkia alifariki siku ile jua lilipopatwa sana, akazikwa Westminster kwa heshima zinazomstahili malkia. Basi. Kilichomshughulisha ni uvumi uliozagaa kwamba Richard anataka kumwoa mpwa wake Elizabeth, uvumi ambao mfalme alilazimika kuukanusha hadharani mbele ya meya na wakuu wa London kabla ya Machi kwisha. Hilo ndilo lililomharibia Richard kwa watu: alichosemekana kutaka kufanya, na vijana wawili wa kaka yake, Edward IV, ambao hawakuonekana tena.

Kuhusu jua lenyewe, kalenda ya Regiomontanus ilichapwa Nuremberg mwaka 1474, ikiwa na michoro ya kila kupatwa kwa jua na mwezi kulikotarajiwa huko kuanzia 1475 hadi 1530. Ilipotoka kwenye matbaa Anne alikuwa binti wa miaka 18 hivi, mke wa mtawala wa Gloucester, na kiti cha enzi kilikuwa cha shemeji yake, Edward IV, mtu mwenye afya aliyekuwa na mrithi wa kiume. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani Anne atakuwa malkia. Regiomontanus mwenyewe alifariki Roma mwaka 1476. Miaka tisa baadaye mwezi ulipita mbele ya jua siku aliyoiandika, na mwanamke mmoja aliyekuwa mgonjwa kwa wiki kadhaa akafa siku hiyo hiyo.